Gari Lisilonyamaza

Gari lililia tena, na Mzee Mwinyihaji akafumbua macho.

"Basi! Limekuamsha," Bi Mwanarusi alisema, akaendelea kumpepea mumewe kwa kipepeo cha ukili. Stima ilikuwa imepotea Msambweni nzima tangu alfajiri. Feni ilisimama, friji ikaanza kutiririka maji. Mashine ya pumzi tu, pale kando ya kitanda, ndiyo iliyoendelea kunguruma, mrija wake puani mwa mzee. Bi Mwanarusi aliishukuru kimoyomoyo. Kitu cha hospitali, alijiambia, hakimngoji mtu wa stima.

Hii ilikuwa siku ya tatu mzee hajalala. Moshi wa kuchoma miwa, miaka thelathini huko Ramisi, ulimkaa kifuani ukakataa kutoka. Kila usingizi ulipomnyemelea, kikohozi kilimkurupusha. Daktari alikuwa amesema mgonjwa asiyelala hapati nguvu, na tangu hapo dua ya Bi Mwanarusi ikawa fupi: "Ya Rabbi, mpe usingizi. Hata wa saa moja."

Na sasa mzee alikuwa ameanza kusinzia, lau si gari.

Lilikuwa gari la mwanawe, Mahir. Jeupe, la fahari, la petroli na betri, linakupita njiani wala hulisikii. Siku alipolileta, Mahir alimzungusha mamake kulitazama kama anayemwonyesha bi harusi. Viti vya kupoza mgongo. Kamera nyuma. Soketi kama za nyumbani.

"Na chai, linapika?" mamake alimtania.

"Ukichomeka birika, mama, linachemsha!"

Wakacheka sana siku hiyo.

Kicheko hakikudumu. Gari lilijaa visirani. Ukiweka mfuko wa nazi kitini, lilipiga kelele kwamba nazi hazijafunga mkanda. Panya walitafuna nyaya, fundi kutoka Kombani akafunua boneti, akaifunika, akasema, "Hili lataka kompyuta, si spana." Injini ilijiwasha na kujizima ipendavyo, hata gari likiwa limesimama. Na huo ufunguo wake! Hauchomekwi popote, hukaa mkobani tu. Ukienda nao mbali, gari hulia kama mtoto aliyeachwa na mamake. Ukilizima nao hauko karibu, haliwaki tena.

Lakini kisirani kikubwa kuliko vyote, kwa Bi Mwanarusi, kilikuwa mkaza mwana. Mahir alikuwa Nairobi kikazi, na mkewe, Muhsina, ndiye aliyebaki na gari. "Mama, vua viatu kwanza. Mama, mlango haubamizwi. Mama, mikono isiwe na mafuta."

Asubuhi ile Muhsina aliita bodaboda impeleke Ukunda kutafuta dawa za mzee. Bodaboda! Na gari liko uani, linanguruma bure. Lisije likaingia vumbi, Bi Mwanarusi aliguna.

Muhsina alikuwa amekwisha kupanda alipogeuka. "Mama, tafadhali, gari usiliguse. Hata likilia, liache hivyo hivyo. Sikawii."

"Niliguse la nini? Miye na miguu yangu twatosha."

Pikipiki ikaondoka, mkoba ukining'inia begani mwa Muhsina. Haikupita hata dakika, gari likaanza kulia.

Lilipolia mara ya nne, mzee alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Lina nini hilo?" aliuliza, sauti nyembamba kama uzi.

"Lamtaka mwenyewe." Bi Mwanarusi alimfuta midomo kwa ncha ya leso. "Lala, baba Mahir. Naenda kulinyamazisha."

Barazani aliruka waya wa rangi ya chungwa uliolala sakafuni kama nyoka. Akafungua mlango wa gari, akaingia na viatu vyake. Kitufe alikijua, Mahir mwenyewe alimwonyesha. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

Injini ikakata. Taa zikazimika. Mahali fulani kitu kikatoa filimbi nyembamba, ikalia, ikalia, ikafifia.

"Halikosi neno la mwisho," Bi Mwanarusi alicheka peke yake. Akaufunga mlango taratibu, asije akaambiwa ameubamiza.

Alirudi, akasimama nje ya chumba, akatega sikio. Kimya. Kikohozi hakuna, mara ya kwanza baada ya siku tatu. Machozi yakamlengalenga. Hakuingia, asije akamwamsha. Alikwenda kuketi barazani, tasbihi mkononi, akawa analinda.

Jirani yao Mwero alikuja na madafu mawili. "Hodi! Nimekuja kumjulia hali mzee."

"Shhh! Amelala."

"Amelala? Kweli, bibi?"

"Fofofo. Hata kukohoa hakohoi."

"Basi Mungu amesikia," Mwero alinong'ona. Akayaweka madafu chini, akaondoka akinyata kama mwizi wa kuku.

Adhuhuri bodaboda ilirudi. Bi Mwanarusi aliinuka, kidole mdomoni, tabasamu tayari. Muhsina hakumtazama. Alilitazama gari. Mfuko wa dawa ukamponyoka.

Haya, viatu, Bi Mwanarusi aliwaza. Ataziona sasa alama za viatu.

Lakini Muhsina alilikimbilia gari. Aliushika ule waya wa chungwa pale ulipotokea dirishani mwa gari, akaufuata mbio, ukimpita kiganjani, akakatiza barazani, akapita miguuni pa mama mkwe, akaingia ndani, mpaka chumbani, mpaka kando ya kitanda, kwenye mashine ya pumzi, iliyonyamaza.