Kituo Hufunguliwa Saa Tatu

Nzisa aliugonga mlango wa kituo cha polisi kwa ngumi mpaka mkono ukamuuma. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na kufuli kubwa lilikuwa linaning'inia nje.

Ukutani bango lilisema: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Zamani kituo hiki cha soko la Kwa Mbula, upande wa Mwala, kilikuwa na askari wanne na hakikufungwa hata Krismasi. Mwaka huu wa 1998 serikali ilisema haina pesa. Wanne wote wakahamishwa, akaletwa mmoja mgeni, ambaye Nzisa hakuwa amemwona bado. Wezi, bila shaka, hawakupunguzwa.

Maksai wake mmoja aliibwa Ijumaa jioni, kituo kikiwa kimefungwa. Jumamosi kilifungwa. Jumapili vilevile. Mvua ilikuwa karibu, na plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Asipolima mwezi huu, nyumba yake italala njaa mwaka mzima, na hilo halikuwa kwenye bango la mtu yeyote.

"Mwaitu, mama yangu, utavunja mlango," sauti ilisema. "Shida ni nini?"

Mwanamume alikuwa amesimama dirishani, nyuma ya nondo. Alivaa shati la kawaida, kola imechanika. Nzisa akawaza kwamba hata sare sasa wamenyimwa, na hasira ikampanda upya.

"Kwa nini mnajifungia, afande? Ili tusiwasumbue?"

"Mwenye funguo ameenda kwa chifu kuomba gari," yule mtu alijibu kwa upole. "Hata mimi namngoja."

Nzisa alicheka kwa uchungu. Wasemao serikali ina mkono mrefu waje Kwa Mbula wauone ulivyokatwa.

Alichomoa foolscap kutoka kwenye kikapu, maana kila mtu alijua: ukienda kushtaki, beba karatasi yako na kalamu yako. Akapitisha vyote katikati ya nondo. Kalamu ilianguka, na yule mtu alipoinama kuiokota ilibidi ashike suruali kwa mkono mmoja. Hata mshipi hana, Nzisa akawaza. Nchi hii imekwisha.

Lakini alijua kazi, hilo Nzisa alikubali. Hakumkatiza, hakupiga miayo. Aliuliza rangi ya maksai, alama ya sikio, na saa aliyoibwa. Akauliza kama walikuwa wawili.

"Walikuwa wawili. Mwenzake amebaki, yule mwekundu. Ndiye mkubwa."

"Na sasa ako na nani?"

Swali hilo lilimchoma. "Na nani? Mume wangu alikufa, watoto wako Nairobi, majirani wote wameenda matanga Kathiani. Ako zizini peke yake, na mimi niko hapa naongea na dirisha!"

Yule mtu alimpa pole. Akauliza njia ya kufika nyumbani kwake, na kama kuna mbwa. Nzisa alimweleza yote: ukivuka mto mkavu, boma la pili, hakuna mbwa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alihisi kuna mtu anayemsikiliza. Akamwambia aandike vizuri, asisahau ule mto.

"Sitasahau, mwaitu."

Ndipo mwanamume mwingine akatokea kwa baiskeli, sare yake imelowa jasho, bunduki mgongoni, uso umekunjamana. Hakumsalimu mtu. Alifungua kufuli kwa hasira za mtu aliyezungushwa tangu alfajiri, akausukuma mlango kwa teke, kisha akafungua mlango wa pili ndani.

"Maundu, toka," alisema. "Gari hakuna, mafuta hakuna, na siwezi kuacha kituo nikupeleke kortini kwa miguu. Tangu wanakijiji wakulete kwangu jana alfajiri, masaa yako ishirini na nne yameisha, sheria inasema nikuachilie. Lakini nikisikia tena umeiba ng'ombe wa mtu, utanijua mimi ni nani."

Maundu alichukua viatu vyake na mshipi kutoka juu ya meza, akavaa bila haraka. Alipompita Nzisa mlangoni alimrudishia kalamu yake, akampa pole tena, kisha akashika njia inayoteremka kuelekea mto mkavu.