Dumu la Kocha

Araceli alijifungia kwenye choo cha shule na dumu la kocha. Akamwaga nusu ya maji ya limau kwenye sinki, kisha akafungua bomba lililobandikwa karatasi nyekundu: USINYWE. Maji yalitoka na harufu yake ya yai viza. Akajaza mpaka shingoni, akatikisa, akanusa. Limau lilikuwa limeficha kila kitu.

"Kunywa, kocha wangu," akanong'ona. "Kunywa ukate kiu."

Alilirudisha chini ya benchi la uwanjani kabla mazoezi hayajaanza.

Alikuwa na sababu. Wiki iliyopita alisimama nje ya uzio wa uwanja akimsubiri mdogo wake, Chuy, aliyekuwa akikimbia kwenye jua la kukausha majani ya milozi. Tangu chakula cha shule saa tano, mtoto alikuwa hajatia kitu tumboni. Nyumbani angekuta tortila, chapati kavu za mahindi, na chumvi, maana mama alikuwa hajaitwa kuchuma matunda mashambani. Maji safi shuleni yalipatikana wakati wa chakula tu.

Chuy alipoinua chupa yake anywe, Kocha Brandvold alimpokonya na kuimwaga yote nyasini. Akainama, akamwambia neno sikioni. Chuy akatazama chini kwa aibu, na wavulana wengine wakacheka.

Araceli hakulia. Aliushika wavu wa uzio mpaka vidole vikamuuma, akaapa kwamba mtu yule atalipa.

Sasa kila alasiri alifanya kazi yake chooni, na kila jioni alilikuta dumu tupu. Alilala na njaa, lakini alilala akitabasamu.

Siku moja alikutana na kocha langoni, dumu likining'inia mkononi.

"Limeisha lote, Kocha?"

"Kwa joto hili, binti yangu? Hata lingekuwa pipa lingeisha."

"Basi kesho ujaze zaidi."

"Nitajaza," alisema kocha, akaenda zake akipiga mluzi.

Mluzi ule ulimchoma Araceli. Alitaka kumwona kajikunja, kashika tumbo, akiomba msaada mbele ya wavulana wale wale. Kesho yake hakumwaga nusu. Alimwaga karibu yote, akabakiza limau la kufichia harufu tu.

Jioni ile Chuy alirudi akiyumba. Alitapika mlangoni, akatapika tena kitandani, midomo imemkauka. Mama alitoka mbio kumwomba jirani gari la kwenda hospitali. Araceli akabaki naye, akimfuta jasho kwa kitambaa.

"Mbio zake ndizo zinakuua," alisema. "Lakini usijali. Nimeshamtengeneza."

"Nani?"

"Huyo kocha wako. Mtu gani anamwaga maji ya mtoto mwenye kiu?"

Chuy alitikisa kichwa polepole.

"Nilikuwa nimeyakinga kwenye bomba la chooni, dada. Aliniambia yale ni sumu."

Mkono wa Araceli ukasimama kwenye paji la uso wake.

"Sikukwambia, nilikuwa naona aibu," Chuy aliendelea, macho yakifumba. "Tangu siku ile lile dumu ananiletea mimi. Ananikalisha nyuma ya benchi mpaka nilimalize. Yeye mwenyewe hagusi hata tone."