Matanga ya Bi Kidawa

Bi Kidawa alipoweka mfumo mpya wa Linux kwenye kompyuta yake kuukuu, alijiona mjanja. Mashine iliyokuwa ikijivuta mpaka chai ipoe, sasa iliwaka hata hajakaa vizuri. Hakuna matangazo, hakuna kusumbuliwa anunue mpya. "Kumbe walikuwa wananichezea tu!" akacheka peke yake.

Alichosahau ni kwamba ule mfumo wa zamani ndio uliokuwa ukiripoti serikalini kila asubuhi kwamba mwenye nyumba yu hai. Siku tatu bila ripoti, akahesabiwa marehemu. Alipotaka kuurudisha, ukamkatalia: leseni ya marehemu haifunguliwi tena.

Siku ya nne majirani wakaingia na mikeka, wakainjika sufuria uani. Walimwona vizuri tu. Mama Shukuru, wa nyumba ya pili, akampa mkono bila kumtazama usoni.

"Pole, shoga. Tumeshatangaziwa, tufanyeje? Asiyekuja anaandikwa."

Kwa aibu ya kuwaacha wageni na njaa, Bi Kidawa akajikuta anachambua mchele wa hitima yake mwenyewe.

Mchana akampigia binti yake, Saumu, aliyeko Dodoma. "Mwanangu," akakohoa, "mimi mzima. Nimebadilisha kompyuta tu."

Akasikia kilio.

"Simu imenionya hii ni sauti ya kuigiza," Saumu akasema. "Mwogopeni Mungu. Hata kikohozi chake mmekiiga!" Akakata.

Bi Kidawa akapiga tena. Namba yake mwenyewe ilikuwa imeshafungwa.

Kutoka uani, Mama Shukuru akamuuliza marehemu alikuwa akiweka wapi chumvi.