Chapati za Shemsa

Mwatima alikuwa uani akianua nguo aliposikia harufu ya chapati, na moyo ukamlipuka, maana hakuwa amekanda chapati. Donge lililofunikwa kitambaa jikoni alimkandia binti yake Shemsa achezee, na alikuwa amelijaza manjano lipate rangi na chumvi tele lisioze.

Mama mkwe wake, Bi Mize, aliyefika ugenini asubuhi hiyo, hakupenda kukaa bure. Alikuwa amelisukuma donge lote.

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu," alimwambia Mwatima alipoingia jikoni, akiipua chapati ya mwisho.

Mama mkwe hakosolewi siku ya kwanza. Mwatima aliketi mkekani, akamega, akatafuna. Machozi yakamlengalenga.

"Tamu, mama."

Bi Mize naye akamega. Akatafuna. "Mwanangu, hii ni chapati au bahari?"

"Ni unga wa Shemsa wa kuchezea, mama."

Bi Mize alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shemsa, aliyejificha nyuma ya mlango tangu mgeni aingie, alichungulia aone kinachochekesha. Akaja polepole, akachukua chapati iliyokauka kama kifuniko, akaishika kwa mikono miwili kama usukani, akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia.

"Bibi, panda."

Bi Mize alijifunga kanga kiunoni, akashika gauni la mtoto kwa nyuma. "Nipeleke mbali, mke mwenzangu."

Wakatoka, Shemsa akipiga honi kwa mdomo. Mwatima alibaki na chapati yake mkononi, akisikiliza honi ikizunguka nyumba. Walipopita dirishani kwa mara ya pili, honi zilikuwa mbili.