Jiwe Chini ya Miiba

"Hapa hapajawahi kupita njia," alisema Bwana Edgar, mwenye shamba, akiegemea uzio wake mpya. "Nionyesheni hata alama moja, na leo hii nang'oa waya wangu."

Winifrida alizidi kufyeka miiba kwa panga huku manyunyu yakimlowesha, na watu wa bondeni wakivuta matawi kando. Bila njia hii, kwenda kanisani kungekuwa kuzunguka kilima kizima.

Ghafla panga likalia, kang!

"Jiwe!" alipiga kelele.

Wote wakapiga magoti, wakafukua kwa mikono, wakicheka kama watoto. Ukajitokeza ukuta wa zamani, na ubavuni mwake ngazi za mawe za kuvukia. Kila ngazi ilikuwa imelika katikati kama bakuli.

"Mvua hiyo," alisema Edgar. "Maji hula mawe."

Mama yake Edgar, kikongwe aliyekuwa amesimama kando ya uzio, akasogea na mkongojo wake. Alikunja gauni kidogo, akaweka mguu wa kushoto penye shimo la ngazi ya kwanza, na mkono wake ukaenda moja kwa moja nyuma ya majani, ukashika jiwe ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameliona.

"Mama! Unakwenda wapi?" aliita Edgar.

Akageuka juu ya ukuta, uso unang'aa.

"Baba yako alikuwa akinisubiri upande ule."

Na mguu wake, katika majani marefu, ukaanza kuitafuta ardhi.