Sifuri Nukta Tisa

Mshale wa mizani ulisimama kidogo tu kabla ya kilo moja. Mtoto alikuwa analia kwa sauti nyembamba. Sista Perpetua akaandika kwenye kompyuta ya zahanati: sifuri nukta tisa. Lakini mfumo mpya ulipokea namba nzima tu, ukakata kilichofuata nukta, ukabakiza sifuri. Chini yake yakatokea maandishi mekundu: hakuna mtoto.

"Inasemaje, sista?" aliuliza Nyamizi, aliyejifungua alfajiri ile kabla miezi haijatimia.

"Inasema hakuna mtoto. Na mfumo usipomkubali, hospitali kubwa haileti gari."

Akajaribu kwa gramu, mia tisa. Mfumo ukakataa: namba imezidi. Akapiga simu hospitali kubwa. Aliyepokea akamwambia kwamba hata wao wanaona sifuri, na hawawezi kutuma gari kumfuata mtoto ambaye hayupo.

"Basi andika moja," Nyamizi akasema. "Si imepungua kidogo tu?"

"Nikiandika moja, mama, watahesabu ana nguvu za kutosha. Watasema abaki hapa. Na hapa hatuna mashine ya kumtia joto."

Nyamizi alivua khanga aliyojitanda mabegani, akaikunja mara mbili, akamfunika mwanawe pale pale kwenye mizani.

Mshale ukapanda taratibu, ukatulia kwenye moja.

Wanawake wote wawili wakautazama. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyethubutu kuiondoa ile khanga.