Bendera ya Tawi

Zamda alipofika ofisi ya tawi kuchukua bendera ya kufunika jeneza la kaka yake, Chande, alimkuta Lukindo, mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa timu ya chuo, ameikalia.

"Haitoki," alisema Lukindo. "Hii tunawafunikia wenzetu. Siku ya fainali Chande alikaa upande wa wapinzani. Tulimwona sote."

"Miaka kumi na tisa amewapigia ngoma, kaka Lukindo."

"Kaka yako ni yule aliye kwenye jeneza."

Wanaume waliokuwa wakicheza bao kibarazani walicheka. Mmoja alisema, "Nenda kwa hao aliokaa nao, wakupe japo shuka."

Zamda hakumtazama. "Upande wenu hauna kivuli, na daktari alimkataza jua. Alikaa kule, na mlipofunga goli ni yeye peke yake aliyesimama. Wapinzani wakammwagia maji. Alirudi nyumbani amelowa, anatetemeka, ananiambia tumeshinda."

"Angesema anaumwa."

"Nilikuja mwenyewe kuwaambia. Mlinifukuza hapo hapo mlangoni."

Lukindo alitazama sakafu, lakini hakuinuka.

Zamda aliinama, akaushika upindo wa bendera uliotokeza chini ya paja lake, akavuta. Lukindo akajikaza kitini, akaushika upande wa pili kwa mikono miwili. Kitambaa kilianza kuachia kwenye mshono, uzi mmoja mmoja, huku wachukuzi waliokuwa wakingoja nje na jeneza wakisogea mlangoni, na Zamda hakuacha kuvuta.